Bunduki Aliyoiamini Bortolo

Bortolo Zanetti alikuwa mtu wa kunusa mkate kabla ya kuula, hata kama umeokwa na binti yake Menega, jikoni kwake, mbele ya macho yake. Padri akimwambia dhambi zake zimesamehewa, alitoka kanisani akijiuliza huyu padri anataka nini kwake. Watu wa mji wake, Brescia, walimcheka, lakini kwa kazi aliyoifanya, tabia hiyo ndiyo iliyompa ugali wake.

Kazi yake ilikuwa kuzipiga risasi dirii, zile ngao za chuma za kufunika kifua, ili kuzijaribu. Kila dirii iliyotoka kwenye karakana ya Bwana Comino, mhunzi, ilifungwa kwenye gogo, na Bortolo akaipiga risasi moja kutoka hatua ishirini. Ikitoboka, ilirudi motoni. Ikibonyea tu, ule mbonyeo uliachwa hapo kifuani, haukunyooshwa, ili mnunuzi autie kidole na kuridhika kwamba chuma kimejaribiwa. Askari waliuita busu la Bortolo. Kwa miaka ishirini na saba wanaume walikwenda vitani na busu hilo juu ya moyo, na yeye alijivuna, ingawa asingekubali kusema hivyo.

Baba yake alipofuka jicho moja siku mtutu wa bunduki ulipompasukia usoni. Tangu hapo Bortolo hakuiamini bunduki yoyote isipokuwa ile fupi ya karakana, aliyoisafisha mwenyewe na kuifungia sandukuni kulekule karakanani. Ufunguo aliuvaa shingoni pamoja na msalaba, na sijui angeokoa kipi kwanza nyumba ingeshika moto.

Masika yale Jamhuri ya Venisi, iliyoutawala mji huo, ilikuwa ikiandikisha watu kwa vita vya milima ya mashariki. Kapteni mmoja akaagiza dirii arobaini kwa wiki tatu. Arobaini! Bortolo alizipiga zote na hakuna iliyotoboka, na hilo ndilo lililomnyima raha. Chuma gani hiki kisichokosea hata mara moja? Alishuku kwamba Bwana Comino amemchezea baruti, ameipunguza nguvu ili dirii zisitoboke.

Moja ya dirii hizo ilikuwa ya Bettino, mchumba wa Menega, kijana mpaka rangi vitambaa ambaye vidole vyake vilikuwa vya buluu hadi kwenye viungo. Bortolo hakumpenda. Alimshuku kwa sababu alicheka sana na kwa sababu alikula kidogo. Lakini Menega alimpenda, kikosi kilikuwa kinaondoka Alhamisi, na Bortolo hakutaka binti yake awe mjane wa mtu ambaye hata hajaolewa naye.

Jumatano asubuhi akamwita Bettino nyuma ya nyumba.

"Lete dirii yako na hiyo bunduki na baruti waliyokupa."

"Ya nini, mzee? Si ulishaibusu?"

"Ya karakana siwezi kuitumia, Comino ataniona. Nataka nimkamate mwizi. Lete."

Bunduki ya Bettino ilikuwa mpya, imetoka kwa mafundi wa bondeni Gardone, ndefu na nzito kiasi cha kuhitaji mti wa panda wa kuegemeza mtutu. Bortolo aliitazama kama nyoka. Aliijaza baruti ya Bettino kwa kipimo chake cha karakana, akageuza uso pembeni, akapiga. Moshi ulipotawanyika, dirii ilikuwa na tundu, na ubao wa nyuma yake ulikuwa na tundu.

"Umejaza baruti mara mbili," Bettino alisema polepole. Kicheko kilikuwa kimemtoka. "Hunitaki kwa Menega, unataka nibaki nyumbani nichekwe kama mwoga. Ulijaza mara mbili!"

Bortolo aliitwaa pembe ya baruti. Aliichukua dirii kwapani, akaenda mbio hadi karakana na kuitupa miguuni pa Bwana Comino mbele ya wafanyakazi wote.

"Mwizi! Umenipa baruti ya majivu miaka yote hii!"

Comino aliinama, akachungulia kwenye tundu. Hakukasirika, na Bortolo akaona hapo hapo kuna jambo.

"Fungua sanduku lako," Comino alisema. "Toa bunduki yako. Baruti tumia hiyohiyo uliyokuja nayo. Ipige dirii hii, kando ya tundu."

Bortolo akapiga. Dirii ikabonyea tu. Busu zuri, safi, kama mengine yote.

"Umeona? Chuma ni kizuri. Baruti ni nzuri," alisema Comino. "Ila hiyo bunduki yako, ndugu yangu, ni kizee, haina nguvu. Nani siku hizi anapigana nayo? Miaka kumi na moja iliyopita nilikuambia tununue ndefu za Gardone tujaribie. Wewe ulisemaje?"

Bortolo aliushika ufunguo shingoni.

"Ulisema mitutu yao inapasuka. Ukasema wamenihonga. Ulinitangaza mji mzima!"

"Na wewe ukanyamaza?"

"Nikanyamaza," Comino alikubali, akatazama chini. "Dirii zilikuwa zinanunuliwa."

Bortolo alikaa kwenye gogo. Alikuwa amemshuku kila mtu Brescia isipokuwa kile chuma alichokifungia sandukuni. Miaka kumi na moja. Hakuthubutu kuhesabu vifua.

Alhamisi asubuhi kikosi kilijipanga uwanjani, dirii zinang'aa. Comino alikuwa amempa Bettino nyingine, yenye busu lake. Bortolo akawapita, akasimama mbele ya Kapteni na kusema yote, pamoja na kosa lake.

"Nani kakutuma?" Kapteni aliuliza. "Wahunzi wa Milano? Wamekupa nini?"

"Ana lake huyo," Bettino alisema kwa sauti. "Hataki nimwoe binti yake. Jana alijaza baruti mara mbili!"

Askari wakacheka. Mmoja akauliza kama mzee anaona wivu kwa mabusu yake. Bortolo alimwendea askari wa karibu, akamfungua mikanda bila kuomba ruhusa, akaivaa yeye dirii hiyo. Akahesabu hatua ishirini, akageuka.

"Jaza mwenyewe, Bettino. Kipimo chako, bunduki yako. Piga."

Bettino alijaza. Aliegemeza mtutu kwenye panda, akapuliza utambi wa kuwashia baruti mpaka ukawa mwekundu. Kando ya uwanja Menega alikuwa amesimama na kapu la mkate wa safari.

"Piga basi," Menega alisema. "Si umesema baba yangu mwongo?"

Bettino alilenga. Hakuna aliyecheka sasa. Kidole cha buluu kilikaa kwenye kifyatulio kwa muda ambao Bortolo alimaliza Salamu Maria nzima. Kisha Bettino akauchomoa utambi, akaukanyaga ukazimika, akaanza kufungua mikanda ya kifua chake. Wa pili akafungua, na wa tatu, hadi dirii zote zikalala juu ya mawe ya uwanja, na wanaume arobaini wakabaki na mashati.

Kapteni aliwatazama, kisha akamgeukia Bortolo. Hasira ilikuwa imemwisha. Aliuliza kama mtu anayetaka kweli kuambiwa.

"Tunaondoka adhuhuri, mzee. Sasa tuvae nini?"

"Sijui, bwana," Bortolo alisema, akalia mbele ya watu.