Fundi wa Trela kwa Barua Moja

Kwa miaka kumi na tisa karatasi zote za kituo cha uokoaji zilimwandika mfanya usafi. Ndivyo alivyokuwa kwenye orodha ya zamu, kwenye kitambulisho chake kilichofifia picha, hata kwenye kadi ya rambirambi waliyompa alipofiwa na mama yake. Kisha Jumatatu asubuhi akakabidhiwa barua yenye muhuri, akaisoma akiwa amesimama mlangoni na ufagio kwapani, na katika mstari wa tatu akakutana na maneno haya: "ajali iliyosababishwa na uzembe wa fundi wa trela." Fundi huyo alikuwa yeye. Alitakiwa atie saini kukubali kosa kabla ya Jumatano, la sivyo kazi basi.

"Kumbe mnajua kwamba mimi ni fundi," alimwambia karani. "Mmeota usiku?"

Karani akajifanya anatafuta stepla.

Kituoni walimwita Mama Grisi, kwa sababu kucha zake hazikuwahi kutakata. Boti ya uokoaji ilikaa juu ya trela la magurudumu mawili, kuukuu, lililonunuliwa likiwa limeshachoka. Popote palipotokea shida ziwani, pikapu ililivuta hadi ufuko wa karibu, likarudishwa kinyumenyume majini mpaka magurudumu yakazama, boti ikaelea. Fundi wa kwanza alipostaafu hakuajiriwa mwingine. Mama Grisi ndiye aliyekuwa akimshikia bati la mafuta ya taa wakati wa kuosha beringi. Basi siku moja akaingia mwenyewe chini ya trela, na hakuna aliyemwambia atoke.

Kila baada ya wiki sita alipiga jeki, akatandika gunia, akabandua kifuniko cha habu; habu yenyewe ni kile kikombe kizito cha chuma katikati ya gurudumu kinachobeba beringi. Alichomoa pini, akafungua nati, akaivuta habu nzima kifuani kama mtu anayepakata mtoto. Beringi aliziosha mpaka zikang'aa, akazikausha, kisha akaweka bonge la grisi kiganjani na kuzisukumiza humo, tena na tena, mpaka grisi ikachungulia upande wa pili. Shingo ya ekseli aliifuta na kuikagua juani. Ikiwa na rangi ya bluu, ujue iliungua. Sili ya mpira inayozuia maji ilikuwa mpya kila mara. Pini pia. Nati aliikaza huku akilizungusha gurudumu, halafu akairudisha nyuma kidogo tu, ili beringi ipate kupumua.

Na alikuwa na sheria moja, ambayo madereva waliicheka kwanza na kuizoea baadaye. Habu ikitoka barabarani huwa ya moto. Ukiitumbukiza kwenye maji baridi hapo hapo, hewa iliyo ndani husinyaa na kuvuta maji, yakapenya kwenye sili hata kama ni mpya. Kwa hiyo dereva akifika ufukoni lazima aweke kiganja juu ya habu na kuhesabu hadi ishirini. Ukishindwa kufika ishirini, kakae kivulini.

"Salimia watu, kunywa maji, kachimbe dawa," alikuwa akiwaambia. "Lakini trela langu lisiguse maji."

"Na mtu akiwa anazama, mama?" dereva aliwahi kumchokoza.

"Mtu akizama unaingia, huulizi. Halafu ukirudi unaniambia, nafungua siku hiyo hiyo. Sijasema uwe mjinga."

Ijumaa iliyopita hakuna aliyezama. Walikuja wageni wa makao makuu, na meneja mpya, kijana mwenye viatu visivyojua tope, akataka waone kazi inavyofanyika. Boti ikapelekwa fukwe nne kwa siku moja. Jioni wakiwa njiani kurudi, gurudumu la kulia likachomoka mteremkoni, likampita dereva dirishani kama mtu mwenye haraka zake, likaenda kugonga uzio wa shule. Boti ikalala ubavu na kupasuka. Hakuna aliyeumia. Ila mgeni mmoja alikuwa nyuma yao na simu mkononi, na picha ilifika makao makuu kabla ya boti kuinuliwa.

Mumewe Mama Grisi alikuwa fundi cherehani, na chumba chao cha mbele kilijaa suruali za watu. Aliisoma barua mara mbili, akaiweka mbali na kitambaa cheupe.

"Tia saini yaishe, mama watoto. Watakuonya tu."

"Yaishe? Mimi niandike kwamba sikutia grisi? Mimi?"

"Ni karatasi."

"Ukishona suruali ya mtu, akapanda nayo mwembe ikachanika, utasaini kwamba ulishona vibaya?"

Mumewe akakanyaga cherehani mishono mitatu ya bure. "Hiyo ni tofauti."

"Tofauti yake ni kwamba hiyo suruali ni kazi ya mikono yako."

Usingizi haukumjia vizuri. Kilichomkaba si hofu ya kufukuzwa, ingawa hiyo nayo ilikuwepo. Kilichomkaba ni zile herufi safi za mashine, mtu ameketi kwenye kiti kinachozunguka na kuandika *uzembe* bila hata kuinama kuangalia chini ya trela. Miaka yote hiyo kazi yake ilikuwa haina jina. Sasa wameitafutia jina ili wapate pa kutundika kosa.

Jumanne akamfuata meneja ofisini.

"Nitasaini," alisema, "ukishaona. Njoo bandani."

"Mama, habu iliyochomoka imeshaungua yote. Nimeona picha. Hakuna grisi hata chembe."

"Ya kulia imeungua, ndiyo. Ya kushoto je? Ziliingia maji yale yale, siku ile ile. Njoo na hivyo viatu vyako."

Bandani dereva alikuwa akifuta kioo ambacho tayari kilikuwa safi. Karani alifuata kwa umbea. Mama Grisi akapiga jeki upande wa kushoto, akafungua kifuniko, pini, nati, akaivuta habu na kuiweka mezani juu ya gazeti, mbele ya pua ya meneja.

Ilijaa pomoni. Lakini grisi aliyoitia wiki mbili nyuma ilikuwa nyekundu kama rangi ya mdomo. Hii ilikuwa nyeupe, laini, imechujuka kama uji. Aliibonyeza kwa kidole, tone la maji likatoka na kukimbia juu ya gazeti.

"Hii ni grisi iliyokunywa maji," alisema. "Ikishakunywa hailainishi tena, beringi zinaungua, kama zile za kulia. Mtu mzembe hatii grisi. Mimi nimetia, tazama ilivyojaa. Na sili hii hapa, mpya, haina hata mkwaruzo. Sasa niambie maji yamepitia wapi."

"Mimi si fundi," alisema meneja.

"Hilo nalijua. Ulikuwa hulijui wewe, ulipokuwa unaandika."

Karani akakohoa. Mama Grisi akamgeukia dereva, hakupandisha sauti. "Baba, kiganja uliweka?"

Dereva akakikunja kitambaa chake mara nne. Alikuwa na watoto watatu na mkataba wa miezi sita sita, na Mama Grisi alilijua hilo. Ndiyo maana siku zote hizo hakwenda kumgongea mlango.

"Ufuko wa kwanza niliweka," alisema hatimaye. "Sikufika hata tano. Nikamwambia bosi tusubiri. Bosi akasema wageni hawakuja kuangalia magurudumu."

"Sikukwambia uharibu gari!"

"Ulisema ingia, bosi. Mara nne. Mara zote nne zilikuwa za moto."

Meneja alitazama habu, akatazama viatu vyake, akaitoa mfukoni nakala ya ile barua. "Basi, mama. Tuichane. Tuseme ilikuwa ajali tu, bahati mbaya."

Hapo ndipo hasira ya Mama Grisi, aliyoibana tangu Jumatatu, ilipopanda.

"Bahati mbaya? Ukiandika bahati mbaya, mwezi ujao atakuja dereva mwingine na bosi mwingine, wataingia majini na habu za moto, na gurudumu halitagonga uzio safari hiyo, litagonga wale watoto walioko nyuma ya uzio. Barua ya kunilaumu mimi ilikwenda makao makuu na muhuri. Na hii itakwenda na muhuri. Karani, lete karatasi."

Karani alikwenda mbio ambazo hakuwahi kuonekana nazo.

Mama Grisi alifuta meza kwa kiwiko, akasogeza habu pembeni, akamvutia meneja ndoo iliyopinduliwa. Meneja akaketi. Kalamu ilikuwa na grisi tayari kabla hajaishika.

"Andika," alisema Mama Grisi. "Habu za trela ziliingizwa majini zikiwa za moto, mara nne, kwa amri. Umeandika 'kwa amri'? Hebu nione. Haya. Amri ya nani? Andika, baba, ninasubiri. Mimi leo sina pa kufagia."