Kopo la Mwisho la Mama Makopo

Walimwita Mama Makopo, naye hakukasirika, maana maisha yake kweli yalikuwa makopo. Katika kituo cha kilimo alifuga wadudu weusi wenye koleo mkiani, wale ambao watu huwakanyaga wakidhani watawaingia masikioni. Uongo mtupu! Chakula cha mdudu huyo ni viwavi wanaotoboa mabua ya mahindi, na wakulima walikuja kumchukua kwa furaha kama wachukuao vifaranga.

Sasa mfanya usafi, kwa nia njema kabisa, akapuliza dawa ya mende chumbani. Wadudu wakafa makopo kwa makopo. Likabaki kopo moja lililokuwa nje dirishani, na ndani yake jike mmoja aliyetaga. Mayai hayo yakipotea, basi tena, maana shamba walikotoka wadudu wale limeshajengwa nyumba.

Jike huyo hulalia mayai yake kama kuku, tena kuku haoni ndani. Huyageuza, huyalamba yasiote ukungu. Ukimtenga nayo, yanaoza. Lakini ukimtia hofu, huyala mwenyewe. Mama Makopo alishapoteza uzao mmoja kwa kiherehere cha kuchungulia, na aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Safari hii aliliweka kopo mezani, akalifunika kwa kitambaa, akaapa halifunui mpaka watoto watoke.

Ndipo ukuta ukaanza kugongwa. Chumba cha pili, fundi seremala alikuwa akipigilia rafu.

"Kaka, nakuomba, pumzika kidogo!"

"Dada yangu, rafu zinatakiwa leo. Kwani una mgonjwa humo?"

"Nina mzazi!"

Fundi alicheka mpaka misumari ikamdondoka. Hata hivyo alivua shati, akalikunja juu ya ubao ili kishindo kipungue. Hakikupungua sana. Mama Makopo aliogopa kulihamisha kopo, maana kulibeba nako ni kulitikisa, hivyo akalikumbatia palepale mezani, jasho likimtoka, na kila pigo likimwingia moyoni.

Nyundo iliponyamaza, uvumilivu ukamwishia. Akafunua, akafukua udongo taratibu kwa brashi. Kishimo cha mayai kilikuwa kitupu. Jike alisimama pembeni, peke yake, koleo juu.

Hasira zikampanda.

"Umewamaliza!" aliupigia ukuta kelele. "Wewe na nyundo yako, umewamaliza wote!"

Akalipindua kopo mezani, pu!

Kutoka kwenye udongo wa chini kabisa yakabingirika mayai, meupe, masafi, mazima. Jike alikuwa ameyahamisha moja moja kwa mdomo, akayachimbia chumba kipya mbali na kishindo. Sasa yalikuwa yametawanyika mezani, kwenye mwanga mkali.

Mama Makopo alirudi nyuma, hathubutu kupumua. Jike akazunguka, akapapasa, akalipata yai moja, akaliinua.

"Lipeleke, mama," alimnong'oneza. "Lipeleke."

Mdudu hakulipeleka popote. Alilitafuna, akaliendea la pili.

Fundi akachungulia mlangoni, shati begani, uso umemshuka. "Nisamehe, dada. Ni nyundo yangu?"

Mama Makopo alikuwa akilia bila kujificha.

"Hapana, kaka," alisema. "Nyundo yako waliiponyoka."