Nzi wa Marisol na Mihogo ya Mama Skolastika

Nakumbuka, mwanangu, asubuhi moja ya kiangazi pembezoni mwa Houston, jua limewaka mpaka kivuli chenyewe kilikuwa kinatafuta kivuli. Tulisimama duara katika shamba letu la pamoja, sisi Warundi wa mtaa mmoja, na katikati yetu binti wa chuo kikuu, jina lake Marisol, ameshika vichupa vya kioo vilivyofungwa kwa kitambaa chepesi. Ndani ya vichupa mlikuwa na nzi. Na mimi, ambaye leo hapa Fort Worth mnaniita mzee kwa ajili ya kipara na kitambi hiki, nilikuwa kijana, na nilikuwa mdomo wa watu wote pale.

Huo mdomo ulikuja hivi. Wengi wetu tulitoka makambini Tanzania na Kirundi, Kiswahili na Kifaransa kidogo cha misa. Kiingereza kilikuwa mlima. Mimi mchana nilipakia matairi ghalani, jioni nikaenda shule ya watu wazima, nikasinzia juu ya vitabu mpaka mate yakalowesha kurasa, na mwisho nikapata cheti. Nilikitundika sebuleni, ukubwa wake ukaipita televisheni. Tangu siku hiyo, mtu akiitwa hospitali, ni mimi. Mwalimu akilalamika kuhusu mtoto, ni mimi. Mwenye nyumba akigonga mlango, "Mwiteni Profesa!" Mwanangu, sifa ni pombe isiyo na povu. Unalewa hujui.

Sasa hao nzi. Shamba letu lilikuwa la mchanga, na katika mchanga ule waliishi sisimizi wekundu wakata majani. Usiwafikirie sisimizi wa jikoni wanaoiba sukari. Hawa wana mji chini ya ardhi, kina chake kinameza nyumba nzima, nami naapa kinameza na karakana yake. Hukata jani kwa meno kama mshona nguo, wakalibeba kichwani kama mwavuli, msururu mrefu mpaka shimoni. Na jani lenyewe hawali! Hulifanya mbolea ya ukungu wao, wakala huo ukungu. Wakulima wenzetu, kwa kweli, ila shamba walilochagua kuvuna ni letu.

Walichopenda kuliko vyote ni mihogo ya Mama Skolastika. Mihogo hiyo ilipandwa na mume wake, Mzee Gervasi, Mungu amrehemu. Alipata vijiti kwa rafiki yake Mkongo, na baridi ilipokuja alivifunga katika blanketi akavilaza karibu na bafu kama watoto wachanga, watu wakamcheka. Masika akavipanda. Kabla majani hayajatosha mboga, moyo wake ukasimama akiwa kazini.

Kwetu, mwaka ukizunguka tunaondoa matanga. Ndugu na majirani wanakusanyika, wanakula, wanakunywa, wanamwambia mjane, basi, mama, sasa unaruhusiwa kucheka. Mama Skolastika alikuwa ameomba jambo moja tu. Siku hiyo watu wale sombe, yaani kisamvu, iliyochumwa kwenye mihogo ya mumewe. Alisema, "Gervasi alipanda awalishe. Acha awalishe." Nani angebisha?

Kwa hiyo tulilinda. Nestori, mdogo wake marehemu, alipanga zamu. Giza likiingia watu wawili wanakwenda na tochi na mifagio, wanafagia njia za sisimizi, wanapaka mashina grisi. Kazi ya kuchosha baada ya siku nzima ya ghala, lakini majani yalikuwa yanaongezeka.

Ndipo akaja Marisol. Alitueleza, nami nikitafsiri, kwamba nzi wale, wadogo kuliko punje ya ulezi, wana ugomvi wa zamani na sisimizi hao. Jike huelea juu ya msururu, akiona nafasi hushuka kama sindano, akatia yai mwilini mwa sisimizi. Funza akikua anamla mwenyeji wake mpaka anamwua. "Lakini wanaokufa hivyo ni wachache," akasema. "Kinachosaidia zaidi ni woga. Sisimizi aliyebeba jani meno yake yamejaa, hawezi kujitetea. Akimwona nzi, anatupa jani na kukimbia." Akatuonyesha hata visisimizi vidogo vinavyopanda juu ya jani linalobebwa, kazi yao kumlinda mbebaji. Nilistaajabu mpaka nikasahau joto.

Kisha akanigeukia. Maneno yake nayakumbuka kuliko namba yangu ya simu. "Waambie hivi, tafadhali. Nzi watapunguza, hawatamaliza. Wanafanya kazi mchana tu, na wakati huu wa joto sisimizi hutoka usiku. Kwa hiyo waendelee kulinda usiku. Wasimwage sumu, maana itaua na nzi. Hili ni jaribio. Labda litafaa, labda halitafaa."

Mwanangu, watu wote walikuwa wananitazama mimi. Mama Skolastika na kitenge chake cheusi ananitazama. Je, niwaambie watu waliochoka "labda"? "Labda" haina utamu. Nikavuta pumzi, nikapanua kifua.

"Ndugu zangu, sikieni! Dada anasema hili ni jeshi la anga! Nzi mmoja, sisimizi elfu! Kufika matanga ya Mzee Gervasi, mtakuwa mmesahau sisimizi wana rangi gani! Ila msimwage sumu tu, mtaua askari wetu."

Vigelegele! Marisol naye akatabasamu, akidhani wanashangilia maneno yake.

Nestori akauliza, "Profesa, na zamu za usiku je?"

"Zamu za nini tena, baba mdogo? Jeshi limeingia kazini. Wewe nenda kalale na mkeo, amekukumbuka."

Watu wakacheka, mkewe Nestori akanirushia kandambili. Hapo, katikati ya kicheko, zamu zikafa. Wahenga walisema ulimi hauna mfupa. Wangu siku hiyo haukuwa na hata breki.

Na nzi, nisiwasingizie, walifanya kazi yao. Mchana ukienda unawaona wanaelea, na sisimizi wanatupa majani na kukimbilia shimoni kama wameona polisi. Watoto walikuwa wanakwenda kuangalia kama sinema. Nami nilitembea mtaani kana kwamba nzi wale niliwazaa mimi.

Wiki ya matanga ilipokaribia, nikapigiwa simu niende shambani. Nilikuta watu wameizunguka mihogo. Mihogo ya Mzee Gervasi ilikuwa imesimama kama vijiti vya mishikaki watu walipomaliza nyama. Halikubaki jani hata moja. Sisimizi walikuwa wamekata usiku kucha, hakuna nzi, hakuna ufagio, hakuna tochi. Chini kumetapakaa vipande vya kijani kama baada ya harusi.

Mama Skolastika hakulia. Alishika shina moja akalipapasa kuanzia juu mpaka chini.

"Yatachipua, mama," nikasema.

"Yatachipua," akasema. "Lakini matanga hayangoji."

Na pengine yangechipua kweli, muhogo ni mvumilivu. Tatizo ni kwamba Nestori alikuwa amekwisha kuchoka kusubiri. Yule mtu alimpenda kaka yake. Alichukua dumu la petroli garini, akamimina katika matundu ya sisimizi yaliyokuwa katikati ya mihogo, tundu kwa tundu, huku akitukana kwa Kirundi matusi ambayo sitayarudia, nitakosa komunyo. Petroli ikashuka ikakuta mizizi. Siku chache tu mashina yakawa meusi, ukikata unakuta ndani pamekufa. Hatukupata kijiti hata kimoja cha kupanda tena. Na sisimizi? Walitokea upande wa pili wa shamba, wazima, wanabeba majani ya mwenzetu mwingine.

Marisol alikuja akasikia harufu kabla hajafunga mlango wa gari. Aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, kofia mapajani. Nestori akasimama mbele yake.

"Profesa, mwambie nzi wake ni utapeli mtupu. Mwambie ametudanganya mbele ya mjane."

Hayo niliyatafsiri, mwanangu. Safari hii neno kwa neno, sikuongeza hata chumvi.

Akaniinulia macho. "Uliwaambia kuhusu usiku? Kwamba waendelee kulinda?"

Kulikuwa na mlango wa kutokea pale, mkubwa kama wa kanisa. Ningesema tu, hapana, dada, niliacha. Nikasema, "Niliwaambia."

Basi yule binti akainuka, akamwendea Mama Skolastika, akamshika mikono yote miwili, akasema, "Nisamehe, mama. Bila shaka sikueleza vizuri." Nami nikatafsiri. Sauti yangu mwenyewe ikaomba msamaha wangu kwa jina la mtu mwingine. Siku chache baadaye alikusanya vifaa vyake. Wenye ardhi ile, waliotuazima, walikasirishwa na petroli, wakatunyang'anya eneo, na jaribio la nzi likaishia hapo. Mtaani ikabaki hadithi moja, kwamba wazungu walituletea nzi wa uongo. Marisol hata mzungu hakuwa, wazazi wake walivuka kutoka Meksiko, lakini nani aliuliza?

Matanga yaliondolewa. Tulikula sombe ya pakiti, iliyogandishwa, ya dukani. Watu waliisifu. Mama Skolastika aliweka kijiko mdomoni, akatafuna taratibu, akasema "ni nzuri", akasogeza sahani.

Nilimfuata jikoni akisugua sufuria, nikamweleza yote. Hakugeuka. Aliisuuza sufuria, akaifudikiza.

Halafu akasema, "Unajua, mwanangu, chema chajiuza. Nzi wale walikuwa wema. Udogo wao ulitosha. Wewe ukaona aibu kwa udogo wao, ukawapa kazi ya Mungu, na ilipowashinda tukawatukana."

"Nisamehe, mama."

"Mimi nimekusamehe. Gervasi angecheka mpaka adondoke, unamjua. Lakini yule binti amejua?"

"Bado."

"Basi hujaniambia mimi kitu. Anayebeba lawama yako ndiye mwenye haki ya kusikia kwanza. Kamwambie. Na Nestori umwambie, maana amemtukana mtoto wa watu kwa ajili yako."

Nestori nilimwambia. Alininyima salamu mpaka Krismasi, halafu akaniletea ndizi. Marisol sikumwambia. Kila mara nilijiambia, wiki hii nina zamu mbili, wiki ijayo nina mtihani, mwezi ujao nitampigia. Nilipopata moyo, simu yake ilikuwa ya mtu mwingine, na chuoni wakasema amemaliza, ameondoka. Si muda nikahamia huku Fort Worth. Niliwaambia watu nafuata kazi nzuri. Kazi ilikuwa nzuri, ndiyo, lakini nilichokuwa nakimbia ni kuitwa Profesa.

Miaka ilipita, nikapata vijiti vya mihogo kwa Mkongo mmoja wa Euless hapa jirani, nikaendesha gari mpaka Houston kumpelekea mama. Alivipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akavipanda katika ndoo barazani. Ni mihogo, na inaota vizuri. Si ile, na mimi na yeye tunalijua hilo.

Nakwambia haya, mwanangu, kwa sababu leo mdomo ni wewe. Nakuona Jumapili baada ya misa, unazungumza Kiingereza kama umezaliwa nacho mfukoni. Ni wewe unayekaa kati ya bibi yako na daktari. Ni wewe unayesoma barua ya shule kwa sauti huku mama yako anapika. Wanakutegemea kama kipofu anavyotegemea fimbo, na fimbo haina ruhusa ya kuchagua njia inayopendeza. Husemwa mjumbe hauawi. Ni kweli, lakini hakuna aliyesema kwamba mjumbe mwenyewe haui.

Daktari akisema "labda", mfikishie bibi hiyo "labda" nzimanzima. Usiitie sukari ili atabasamu, wala usiifiche ili asiogope. Dawa ikiwa inapunguza, sema inapunguza. Jambo dogo lenye kufaa liache na udogo wake, litapata heshima yake lenyewe. Kutia chumvi katika hadithi za barazani, hapo sikukatazi, mimi mwenyewe bila hivyo ningekuwa bubu. Ila neno la mtu mwingine ukilibeba, lipeleke na uzito uleule uliopewa. Na siku utakapokosea, maana utakosea, usikimbilie kwa yule unayejua atakusamehe. Nenda kwanza kwa yule aliyebeba lawama yako, nenda leo, kabla simu yake haijawa ya mtu mwingine.

Mungu aubariki ulimi wako, mwanangu, uwe mkweli kabla haujawa mtamu. Akupe watu wa kukuamini, na akupe hofu ya kuivunja imani yao. Wazee wako wasikie kwa masikio yako wasipotee. Na popote alipo binti yule, Mungu amfanikishie kazi ya mikono yake, ndogo kwa ndogo, na amfikishie neno nililoshindwa kumpa. Amina.