Hatamu ya Riziki

Hatamu ya Riziki imemzuia farasi leo, wala haikufumuka.

Salamu baadaye, jamani.

Riziki binti yangu anajifunza kusuka hatamu za ngozi kwa Mzee Hamisi, mwenye farasi wa ufukweni hapa Diani. Ya kwanza ilifumuka. Mzee akamwambia, "Na ya pili ikifumuka, mwanangu, tafuta kazi nyingine."

Akaja nyumbani, akanikuta nasuka ukili wa mkeka, miyaa ya kusukia iko majini.

"Mama, mbona unalowesha miyaa?"

"Mikavu haikazi. Iliyolowa ndiyo inayokubali."

Akaondoka kwenda kuiloweka ngozi ya hatamu ya pili.

Leo, nami nipo, Mzee kaivuta hatamu mpaka kachoka. "Nani kakufunza?"

Mimi hapo nishajitengeneza leso, nangoja kutajwa.

"Mkeka," Riziki akasema.

Haya. Jumamosi njooni nyote muione. Mkeka nitautandika, na aliyeusuka pia atakuwepo.