Siku Niliyojifungia Nje ya Mashine ya Damu

Kwa miaka minne nimewaambia watu kwamba siku ile rezo, yaani mtandao, ilikatika. Nimemwambia Dokta, mkubwa wangu wa kazini, nimewaambia wageni wa Kinshasa, nimemwambia hata padri (si kwenye kitubio, huko nilinyamaza tu). Rezo haikukatika. Ni mimi, mwenye diploma ya informatiki ya chuo kikuu na miwani mizito ya kuithibitisha, niliyeufunga mlango wa mashine nikajiacha nje, mbele ya ukumbi mzima.

Mashine yenyewe ni ndogo, inakaa ng'ambo ya mto Lualaba, Alunguli, katika chumba cha betri za sola nyuma ya kituo cha afya, na kazi yake ni moja: kutunza orodha ya watu wanaojitolea damu, nani ana damu ya namna gani na anapatikana wapi. Mimi naihudumia kutoka mjini Kindu, ng'ambo hii, kwa kompyuta yangu. Siku ile Dokta alikuwa amealika wageni ukumbini waione, na programu mpya ya mashine ilikuwa inangoja kuchukuliwa kwenye ghala la mtandaoni, huko nje ya nchi (siku hizi programu hufungwa kama mzigo ndani ya kontena, mashine yako inakwenda kujichukulia). Jambo la busara lilikuwa kuichukua baada ya wageni kuondoka. Lakini mgeni mmoja mwenye tai akauliza, "Na hii mashine, iko na parefeu?" Parefeu ndiye mlinzi wa mlango, anayeamua nani aingie kwenye mashine na mashine iende kwa nani, nami nikajibu, kwa sauti ambayo hadi leo naisikia nikiwa naoga, "Nitawaonyesha sasa hivi."

Nikafuta kwanza programu ya zamani, maana nafasi ilikuwa finyu. Kisha nikaanza kumwandikia mlinzi amri zake, maandishi yangu yakiangazwa ukutani makubwa kama shuka la kitanda, nikikusudia kumwambia: wote wakatazwe, isipokuwa mimi, na isipokuwa lile ghala. Hapo ndipo malezi yaliponiponza. Sisi tuliokulia Alunguli miaka ya vita, mji ulipozingirwa na treni ikaacha kuja, mama alitufundisha sheria moja ya mlango: funga kwanza, uliza nyuma. Ukisikia viatu hufikiri, unasukuma komeo, ndipo unauliza ni nani. Nikaandika amri ya kwanza, wote wakatazwe, nikabonyeza. Mlinzi ni mtiifu, akaanza na mimi. Maneno yakaganda ukutani. Nikabonyeza tena, nikabonyeza kila kitu (hata kitufe cha kuongeza sauti), huku mwenye tai akiandika jambo kwenye daftari lake.

Simu ikaita. Alikuwa Mama Sakina, mkunga wa Alunguli, ambaye hunipigia kwa mtandao siku zote kwa sababu uniti, yaani salio la simu, kwake hazikai.

"Mwanangu, niko na muzazi hapa, damu inamutoka na haisimami. Mutoto muzima, lakini mama njo anaenda. Fungua liste, unipe watu wa O wa karibu."

Programu nimeifuta, mlango nimeufunga, na ukumbi mzima unanitazama mdomo.

"Mama, rezo imekatika."

"Imekatika?"

"Imekatika kabisa."

"Basi kuja," akasema. "Kuja na mikono yako."

Dawa ilikuwa moja tu, kwenda kuchomeka skrini na kibodi kwenye mashine yenyewe. Nikang'oa skrini ya katibu mezani bila ruhusa, nikapanda pikipiki hadi kivukoni nikiwa nimeikumbatia, nikaingia nayo kwenye pirogi, mtumbwi wa kuvushia abiria.

"Mwenye miwani, hiyo televizyo inaenda kuona nini Alunguli?" abiria mmoja akauliza.

"Leo iko mupira," mwenzake akamjibu.

"Mupira gani. Anaitembeza ipate hewa."

Mpiga kasia, Ramazani, tuliyesoma naye shule ya msingi, hakucheka. "Mbona unalia?" akaniuliza, na mimi sikuwa najua kwamba nalia. Nikamweleza (bila kutaja kosa ni la nani) kwamba kuna mzazi anapoteza damu, anahitaji watu wa O, na orodha yao imefungwa.

Ramazani akalaza kasia, akasimama, akaweka viganja mdomoni. Miaka ya vita hatukuwa na simu, habari ilivuka mto kwa makoo ya wapiga kasia, pirogi hadi pirogi, na mimi niliamini kwamba desturi ile ilikufa simu zilipofika. "Muzazi Alunguli," akaita, "damu ya O, kwa Mama Sakina." Pirogi ya mbele ikaipokea, ikaipeleka kwa nyingine, wanawake waliokuwa wakifua ukingoni wakaidaka, wakawatupia wenye pikipiki, na sisi tulikuwa bado katikati ya maji.

Nilipofika na skrini yangu, watu watatu walikuwa wamekwisha kukaa benchi, mikono ya mashati imekunjwa, mmoja bado ameshika kambale wake kwenye kamba. Mama Sakina alinipita akiwa na chupa za kupimia, hata hakunitazama.

Niliingia chumba cha betri, nikachomeka, na mbele ya mlinzi wangu mtiifu nikakumbuka nusu ya sheria niliyokuwa nimeisahau. Mama hakuwahi kusukuma komeo kabla ya kuhesabu vichwa: wewe, wewe, wewe, bibi, na kuku wa jirani. Basi nikaandika kwa utaratibu wake. Kwanza nikajiruhusu mimi. Kisha nikaruhusu ghala kwa milango yake yote miwili, maana ni kama bandari yetu hapa Kindu, karatasi unaonyesha ofisini, mzigo unautoa depo. Mwisho kabisa, wote wakatazwe. Programu mpya ikaja, orodha ikafunguka, nzuri sana, na hakuna aliyekuwa na haja nayo. Nikaapa pale pale kutomwonyesha tena mtu mwenye tai kitu chochote sasa hivi.

Nilikuwa nimesharudi kivukoni mjini, skrini ya katibu kichwani, simu ilipoita.

"Damu imesimama," Mama Sakina akasema. "Ameomba uji."

Nilikaa chini kwenye mchanga. Nikamshukuru yeye, nikamshukuru Mungu, nikamshukuru Ramazani na mwenye kambale, na kwa kuwa ulimi wangu haujui kukoma nikaongeza, "Na rezo nayo imerudi, mama."

"Rezo," akasema polepole. "Mwanangu, leo asubuhi nilikuita na nini? Mimi niko na uniti? Na Ramazani ananiambia liste ilifungwa, hasemi rezo."

Nikaishusha skrini kichwani, nikaiweka mchangani.

"Sitaambia muntu," akasema. "Lakini siku ingine, funga mulango ukiwa ndani."