Nilivisalia Vichupa Sala ya Jeneza

Mimi ni mtunza stoo wa maabara hapa Jeddah, na ujuaji wangu umeniumbua. Dokta Muna alinikabidhi boksi la barafu: "Ami Sudi, vichupa hivi vitie kwenye friza sasa hivi, vikiyeyuka vimekufa."

Nikasoma maandishi: protini ya binadamu. Binadamu, atiwe frizani bila kusaliwa? Nikavitoa kwenye barafu, nikavipanga mezani upande wa kibla, nikawaita wafagizi watatu wasimame nyuma yangu, nikajifanya imamu.

Nilipotoa salamu, Dokta alikuwa mlangoni na wageni wake kutoka Riyadh.

"Ami, mnamsalia nani?"

"Marehemu."

Akainua kichupa. Maji matupu.

"Protini hii imetengenezwa na bakteria. Marehemu hakuwepo, Ami. Sasa ndiyo yupo."