Vidonge Kwenye Kopo la Hamira

Kwa miezi minane nilimdanganya dada yangu kila asubuhi. Sitafuti kisingizio. Nilikosa, tena kwa makusudi.

Mimi ni mama ntilie kwenye stendi ya Mpanda, nakaa Kawajense. Mama yetu alifariki kwa saratani ya titi. Dada, anayeishi Tabora, naye ikamkuta. Akakatwa titi moja, akapona. Alipopata nguvu tu, akanishika mkono hadi kwa daktari wake Mwanza. Daktari akanipima akasema sina saratani, ila kwa jinsi ilivyotembea kwenye ukoo wetu, hatari yangu ni kubwa. Akaniandikia vidonge vya kupunguza hiyo hatari, kimoja kila siku kwa miaka mitano.

Dada ndiye aliyekuwa akinichukulia dawa kila akienda kliniki yake, kisha ananitumia kwa treni.

Mwanzoni nilimeza vizuri. Halafu likaanza joto. Joto la jiko nalijua, nimezeeka nalo. Hili lilianzia kifuani lenyewe, likapanda usoni, jasho likatiririka mpaka mteja mmoja akaniuliza kama nimeonja pilipili yangu mwenyewe. Nikajisemea, mimi siumwi, kwa nini dawa ndiyo inisumbue? Nikaacha.

Kumwambia dada nikashindwa. Akipiga simu asubuhi kuuliza, najibu nimeshameza. Vidonge sikuthubutu kuvitupa, maana dada alivisafiria hadi Mwanza. Nikavificha kwenye kopo la hamira iliyoisha, juu ya kabati.

Mwezi wa sita dada akaja kunitembelea. Asubuhi ya pili akaamka kabla yangu, akaamua kunikandia maandazi ya biashara. Nikiwa nafunga khanga nikasikia kopo linafunguliwa. Jamani! Nikakimbilia mlangoni, nikachelewa.

Hakupiga kelele. Alikaa kwenye kigoda, unga mikononi, akavitazama vile vidonge.

"Mdogo wangu," akasema, "mimi dawa hizi nilipewa nimeshakatwa. Wewe zimekuwahi, unazitia kwenye kopo la hamira?"

Nikalia. Yeye akaanza kucheka. Akasema angechanganya vidonge vile kwenye unga, leo wanaume wote wa stendi wangekuwa wamekingwa. Nikacheka na machozi yangu.

Wiki ile ile akanipeleka kwa yule daktari wa Mwanza. Siku za kusubiri majibu ya vipimo, mimi mpishi nilisahau hata kula. Majibu yakatoka salama. Dada akapiga vigelegele pale pale kwenye benchi la wagonjwa, nesi akamwomba apunguze sauti.

Daktari aliposikia habari ya joto, alishangaa tu kwa nini sikumwambia mapema. Akanipunguzia dozi. Joto bado linakuja, ila dogo, tunaelewana.

Nilichopoteza ni kuaminiwa. Siku hizi dada anapiga simu ya video, nameza mbele yake, kisha natoa ulimi aukague. Wateja wa chai wanashangilia. Umri wangu huu!

Nyie wenzangu, kama kwenu saratani ya titi imepita, nendeni mkapimwe, daktari ndiye aseme kama mnahitaji dawa au la. Ukipewa ikakusumbua, rudi umwambie yeye. Mimi nilikaa kimya kwa sababu ya joto, na joto halijawahi kumuua mama ntilie. Kimya changu ndicho kingeniua.